Doa la Mafuta ya Kondoo

Karatu kitu chekundu huhesabiwa kuwa udongo. Udongo unaingia kwenye mashuka, kwenye soli, kwenye masikio ya watoto na ndani ya feni za kompyuta, na mtu anayetengeneza kompyuta hapa hujifunza kuufuta kabla hajajifunza mengine. Mimi ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu na kwa mashine nilizoziua. Kwa hiyo binti mmoja wa Kimaasai kutoka Endulen, huko Ngorongoro, aliponiwekea mezani laptopu nyeupe yenye michirizi minne myekundu juu ya mfuniko, sikuuliza kitu. Niliizima, nikatoa betri, nikalowesha kitambaa kidogo na kuanza kufuta.

Wekundu ukaenea. Ile michirizi, ambayo mtu angeweza kuona kwamba ni ya vidole vinne vya mkono wa kulia, ikapoteza umbo na kuwa wingu la rangi ya kutu.

"Inazidi," binti akasema.

"Naona."

Dereva mmoja wa watalii alikuwa amekaa akisubiri simu yake. Alinyoosha shingo. "Fundi, hiyo laptopu sasa umeivalisha lubega."

Binti alicheka, tena alimtangulia dereva mwenyewe kucheka. Kwenye benchi karibu na mlango alikaa mama yake, mwanamke mzee aliyevaa lubega ya kweli, nyekundu, shanga shingoni, miguu ameinyoosha. Alipoona mwanawe anacheka, naye akatabasamu.

Kesho yake asubuhi binti alikuwa na usaili kwenye hoteli ya watalii, kazi ya mapokezi, na waombaji walitakiwa kwenda na laptopu zao. Ulikuwa usaili wake wa pili. Kwenye ule wa kwanza, mahali pengine, bwana mmoja alitandika karatasi ya kufutia mikono kabla ya kuigusa laptopu yake, na wenzake mezani wakacheka. Kazi hakuipata. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Wakinicheka tena siendi kwingine," alisema. "Narudi, naolewa, nakamua ng'ombe. Basi."

"Hiki ni kitu gani, dada? Vumbi si hivi."

"Ni uchafu tu."

"Uchafu wa nini? Nisipojua siwezi kuutoa."

Alitazama barabarani. "Mafuta ya kondoo. Na ule udongo wao wa kujipaka. Siku naondoka kwenda kwenye ule usaili wa kwanza mama alinipaka mimi usoni, akaona na hii inasafiri, akaipaka. Uso nilinawa njiani."

Alisema udongo *wao*. Nililisikia neno hilo, nikaendelea na kazi, maana sasa nilijua nashughulika na nini. Udongo ule hauyeyuki kwa chochote nilichokuwa nacho dukani. Kinachoyeyuka ni mafuta yanayoushika. Ukianza na maji, kama nilivyoanza, mafuta yanateleza na kuusambaza hadi kwenye vinyweleo vya plastiki. Dawa ni kuanza na kikavu. Nilinyunyiza unga wa ngano, nikauacha unywe mafuta, nikaupangusa kwa mswaki laini. Kisha pamba yenye spiriti, kipande kipya kila mara, nikisugua kutoka nje kuelekea katikati ili nisiongeze eneo. Baada ya hapo sabuni ya vyombo, tone moja kwenye maji ya vuguvugu, na kitambaa kilichokamuliwa hadi kiwe karibu kukauka. Mafuta ya taa yangefanya haraka, ila yanaacha harufu. Kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha kingeyeyusha plastiki yenyewe.

Mama aliuliza kitu kwa Kimaasai. Kimaasai changu ni cha kununulia maziwa, lakini jibu nililielewa: binti alimwambia kwamba mashine inaumwa na mimi naitibu. Mama akanitazama jinsi watu wanavyomtazama daktari, akainamisha kichwa kidogo.

"Uchafu unatoka?" binti akauliza.

"Unatoka."

"Na huo uchafu wa kwenye kona?"

"Na huo."

"Kimekuja na harufu ya boma hiki chombo," dereva akasema. "Wazungu wataipenda. Watapiga nayo picha."

"Nilimkataza," binti akamwambia. "Hawa hawasikii. Kila kitu kwao ni kupaka uchafu."

Mama yule hakujua Kiswahili zaidi ya maneno machache ya sokoni, lakini neno hilo alilijua. Kila mama wa aina yake aliyewahi kushika kitambaa kwenye meza ya muuzaji hapa mjini analijua kabla ya kujua salamu, kwa kuambiwa: yeyo, yaani mama, usishike, utatia uchafu. Tabasamu likafutika usoni mwake. Alinyanyuka, akaja mezani, akaitazama pamba nyekundu kwenye kopo la taka, kisha laptopu, kisha mwanawe.

"Uchafu," alisema.

Binti alimwambia akakae. Hakukaa. Aliinama juu ya meza, akaikagua laptopu kwa macho ya mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama, akaweka ukucha pembeni mwa bawaba.

"Hapa," aliniambia. "Uchafu."

Nilipafuta. Akaonyesha chini ya mfuniko, ambako sikuwa nimetazama. "Na hapa." Nikafuta. Akaonyesha matundu ya spika, yalikokuwa yameingia mafuta kiasi cha ncha ya sindano. Nikachukua kijiti cha meno, nikakizungushia pamba. Binti alisema jambo kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, mara mbili. Mama hakumgeukia.

"Toa," alisema. "Toa yote."

Kazi ile ningeimaliza na kuacha alama mbili tatu. Kwa macho ya mama yule haikubaki hata moja. Nilipopitisha kitambaa kikavu mara ya mwisho, mfuniko ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka dukani, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa na wekundu. Nikarudisha betri. Ikawaka.

Binti akamgusa mama yake begani, akasema jambo lililokuwa na neno la chakula ndani yake. Walikuwa wamepanga kulala mjini wote wawili, kwa ndugu, na kwenda pamoja kesho hadi getini mwa hoteli.

Mama akamjibu kwa Kiswahili.

"Asante, madamu."

Ndivyo wanavyoitwa wanawake wanaokaa nyuma ya madirisha na meza za ofisi, wale wanaoandika majina na kusema subiri. Alilitamka vizuri, bila hasira, akakaza lubega yake na kutoka kuelekea yanakopakiwa magari ya Ngorongoro. Dereva alianza kutazama viatu vyake.

Kutoka mezani kwangu barabara yote inaonekana. Binti aliitazama mpaka ile nguo nyekundu ilipokuwa bado kidogo kufika kwenye magari, yaani bado angeweza kumkimbilia. Kisha akainua laptopu, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango.

"Fundi, ukiishika hivi kuna kinachoonekana?"

"Hakuna."

"Angalia vizuri."

Niliangalia vizuri. Hakukuwa na kitu.