Mbuzi mu mulango ya kilio

Karani ya dispanseri alikuwa na ukucha murefu ku kidole kidogo, na ile ukucha njo alikuwa anafungulia makarte, kadi ya bagonjwa. Nitamuita Ukucha, juu jina yake sitaiandika. Ninaijua. Ninajua na ya mama yake, na ya mujomba yake, na ya kijiji yabo upande wa Pweto. Kwa masista nilisoma kidogo tu, lakini kichwa yangu haipotezake jina ya muntu. Ya kwake haitaingia humu.

Bwana yangu alitumika kazi ya mine, chini ya udongo ku Kipushi mupaka kifua ikaharibika. Kampuni ikamupatia pansioni, ikatutosha inje ya nyumba ya kambi. Haki moya ikabakia: kutunzwa bure ku dispanseri ya kampuni, yeye na miye bibi yake, mupaka kufa. Alikuwa na sindano yake ya kifua. Kama akiikosa, alikuwa anapumua sawa muntu mwenye anavuta ndoo muzito kutoka ndani ya kisima.

Tulikuwa tunaikala nafasi mbili. Wakati ya mvua tulikuwa ku Kipushi, mu nyumba tulijenga pembeni ya shamba yetu ya mahindi na karanga. Wakati ya baridi, kisha kuvuna, tulikuwa tunakuya Lubumbashi kwa mutoto yetu mwanamuke, ku Makomeno, juu baridi ya kule shamba na vumbi yake vilikuwa vinamukaba bwana yangu ku shingo. Bantu mingi ya pansioni baliishi vile, muguu moya ku shamba, muguu moya mu ville.

Lakini sheria ya kampuni ilikuwa hii: muntu anaandikwa ku dispanseri moya tu. Unataka kuhama, unarudisha karte kule, banakupatia karatasi ya kuhama, unaileta ku dispanseri ya mupya, banakuandika. Na kuhama kulikuwa na mwezi yake, ile ya mbele ya mvua. Ikipita, mulango inafungwa mupaka mwaka ingine. Karani wa zamani wa Lubumbashi alikuwa anatuangalilia tu karte ya Kipushi na kusema, "Ingia, tata, kikohozi haina kambi." Akaenda pansioni na yeye. Pa kiti yake akaikala Ukucha, kijana, na abakosi yake, ile koti ya bakubwa, ya kupigwa pasi.

"Situayene," akanambia ku dirisha, vile ofisi ilikuwa inaita kila mwanamuke, "huyu mwenye kukohoa ni wa Kipushi. Akohoe kule."

"Kule iko baridi, mwana."

"Basi muhame. Mwezi ya kuhama inafika. Na musikuye mikono mitupu, karatasi inakaushaka muntu koo."

Nilisikia. Nikaenda soko kwa muuza-samaki moya, mwanamuke wa Pweto, nikanunua kitunga ya samaki ya kukauka. Akaniuliza ni ya nani. Nikamutajia Ukucha. Akacheka mupaka akashika tumbo.

"Yule? Ni mutoto wa ukoo wa Chui. Mujomba yake ni jirani yangu. Na weye, mama, si uko wa Mbuzi? Unamupelekea Chui chakula ku nyumba."

Chui na Mbuzi, kwetu, ni banungwe. Ni batani toka zamani ya bankambo. Munungwe wako anaweza kukutukana mbele ya bantu, anaweza kukunyanganya kofia ku kichwa, na weye hauna ruhusa ya kukasirika. Zaidi mu kilio ya mufu. Mu kilio ya Chui, Mbuzi njo anaamuru. Ile siku sikuwaza kilio. Niliwaza sindano.

Sasa sikia vile tulifanya. Bwana yangu alikuwa muntu wa kambi. Mu kambi haupate ufunguo ya nyumba mupya kama haujarudisha ufunguo ya zamani. Njo maana tukarudisha kwanza karte ya Kipushi, na adabu yote, tukashukuru. Kisha tukaleta karatasi ya kuhama kwa Ukucha, pamoya na kitunga. Kitunga akaipokea na mikono mbili. Karatasi akaiweka chini ya kikombe yake.

"Murudie," akasema.

Tukarudia. Akasema, "Bado." Tukarudia tena. Mvua ya kwanza ikanyesha, mwezi ikaisha, akafungula makarte na ile ukucha yake, akaangalia mbele na nyuma.

"Jina ya bwana yako haiko. Mwezi imeisha. Murudie mwaka ingine."

"Na karte ya Kipushi?"

"Si mulirudisha mweye benyewe?"

Ku Kipushi bakatuambia, "Mulishahama, tata." Ku Lubumbashi bakatuambia hatujafika. Bwana yangu akabakia katikati, sawa muntu mwenye gari-moshi ilimushusha mu pori. Tukabakia ku Makomeno, juu hakuweza tena kufika shamba. Alikuwa analala kwa kuikala, mito nyuma ya mugongo. Mutoto yetu alikuwa analia ku jikoni. Miye sikulia. Nilikuwa ninasonga bukari na kuwaza shingo ya Ukucha.

Siku moya muuza-samaki akafika ku kiwanja yetu asubui, hata kuikala hakuikala.

"Mama Mbuzi. Mujomba wa ule karani wa Chui amekufa. Banazika leo. Na bakubwa ya kampuni bako kule, na munganga mukubwa wa dispanseri, bamekuya kulia na karani yabo."

Niliingia mu chumba. Bwana yangu akaniona ninavaa kofia yake ya chuma ya mine na viatu yake ya chini ya udongo.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kuleta karte yako."

Akacheka, kisha kicheko ikageuka kikohozi. Ile kikohozi nikaibeba mu masikio mupaka kule.

Banamuke balikuwa pa mikeka, banaume pa viti, sanduku ya mufu ilishafungwa ndani ya nyumba, iko tayari kutoka. Nikapita katikati yabo na kofia ku kichwa, nikajilalisha mu mulango, kizingiti yote. Nikakohoa sawa bwana yangu, ile ya kuvuta ndoo. Bazee bakaanza kutabasamu. Balijua.

Ukucha akakuya na abakosi yake. "Mama, toka, tunataka kuzika."

Nikaikala. Nikanyosha kidole kidogo, nikafungula karte ya hewa, pole pole, mbele na nyuma.

"Mufu anaitwa nani?"

Akataja jina.

"Haiko," nikasema. "Huyu aliandikwa makaburi ya Pweto. Iko na karatasi ya kuhama?"

Bantu bakacheka. Mujane mwenyewe akaficha uso mu kitambaa, mabega yanatikisika.

"Mwezi ya kuzika imeisha, situayeni. Murudie naye mwaka ingine."

Akaniletea kuku. Nikamuambia kuku ikohoe kwanza. Akatosha feza mu mufuko, nikaitia mu kiatu yangu na nikalala tena. Jasho ilikuwa inamuteremuka ku shingo, kola ya abakosi ikalowana. Hakuwa na ruhusa ya kukasirika, na miye nilikuwa ninakula ile jasho sawa sombe ya mafuta.

Munganga mukubwa akauliza, "Huyu mama anataka nini?"

"Anataka bwana yake atunzwe," muuza-samaki akajibu. Akamuelezea yote, karte, kikombe, kitunga.

Munganga akamuangalia Ukucha. "Iko kweli?"

Munganga akamunyoshea ufunguo.

"Chukua gari yangu. Ulete karte sasa. Na sindano ianze leo."

Tukamungojea, sanduku ndani, miye pa kizingiti, jua juu yetu. Akarudia na karte. Herufi ya jina ya bwana yangu ninaijua. Nikaisoma na kidole, moya moya. Kisha nikaamuka, nikatosha kofia, nikashika sanduku pamoya na banaume, na nikamulilia ule mujomba ya Chui machozi ya kweli. Yeye hakunikosea kitu.

Bwana yangu akapata sindano yake. Akaona tena mavuno, akalala tena na mugongo chini. Alipokufa, alikufa mu kitanda ya ospitali ya kampuni, jina yake ku ukuta juu ya kichwa. Ukucha, mutoto wa Chui, alikuwa na haki ya kuya ku kilio yangu miye Mbuzi, kunilipiza. Nilimutengenezea majibu, nilikuwa ninaitamani ile siku. Hakukuya. Alishalomba kampuni imuhamishe kambi ya mbali, juu kila wakati ya baridi nilikuwa ninasimama mu mulongo ku dirisha yake na kukohoa, na mulongo yote inakohoa pamoya na miye.

Hata leo sijashiba. Bajukuu bananiuliza, "Nyanya, ule karani alikuwa anaitwa nani?"

Ninafungula hewa na kidole kidogo, ninaangalia mbele na nyuma.

"Haiko," ninabaambia. "Murudie mwaka ingine."