Tuliaga tunaenda Dodoma, kumbe tuko Kuala Lumpur. Msiba ukatukuta huko

Wakuu, poleni na majukumu. Walio Mbeya na Iringa poleni na vumbi pia.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi kuliko hii mtakayoiona. Ni uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, naishi Mbeya mjini, nina duka la vifaa vya umeme. Shemeji yenu ni Mhehe wa Kilolo, mwalimu wa shule ya msingi. Tuna miaka kumi kwenye ndoa na watoto wawili.

Hatukuwahi kwenda honeymoon. Tulifunga ndoa Jumamosi, Jumatatu mimi niko dukani. Basi nikamuahidi kwamba tukitimiza miaka kumi nitampeleka mbali, tena bila wakala wala kundi, tunajipanga wenyewe.

Nikachagua Kuala Lumpur. Nilisoma nyuzi za humu, nikaangalia video, nikakata tiketi mwenyewe na kufanya booking ya hoteli mwenyewe. Ramani za treni nilizichukua screenshot mpaka simu ikaanza kulalamika. Gharama msiniulize, siyo mada ya leo.

Sasa tatizo likaanzia hapa. Tuwaambie watu tunaenda wapi?

Kwetu mtu anakwenda nje kwa matibabu, masomo au biashara. Kwenda kutembea tu, na nyumba ya baba yako Rungwe bado upande mmoja haina bati? Niliona aibu, wakuu. Siyo kwamba niliogopa uchawi kama wengine mtakavyosema. Niliona aibu tu kuonekana nastarehe.

Nikamwambia shemeji yenu: tutasema Dodoma. Wewe una semina, mimi nakusindikiza na kutafuta mzigo wa duka. Wiki moja, tumerudi, hakuna anayejua.

Akasema, "Mama nimwambie, peke yake."

Nikamjibu, "Mama akijua, kanisa zima linajua."

Akanyamaza. Shemeji yenu akinyamaza siyo kwamba amekubali, ila mimi kwa miaka kumi nilikuwa nahesabu ni kukubali.

Watoto tukawapeleka kwa dada yangu Uyole. Naye tukamwambia Dodoma.

Tukapanda basi la Dar alfajiri. Tumepita Igawa, Makambako, Mafinga, mpaka Ipogolo pale chini ya mji wa Iringa. Wenyeji mnajua, barabara ya kupanda Kilolo inaanzia hapohapo. Basi likasimama, watu wakashuka kununua vitu.

Shemeji yenu akaniambia mama yake alikuwa analalamika presha wiki ile, tushuke tukamsalimie, Dar tutafika kesho, si ndege ni kesho jioni?

Kweli muda ulikuwepo. Nikakataa. Nilijua akimtazama mama yake machoni atasema kila kitu.

Hapo nimeshafanya kosa kubwa, lakini bado nilikuwa najiona mtu wa mipango.

Tukafika Kuala Lumpur. Niwe mkweli, siku tatu za kwanza zilikuwa tamu. Nilitoka uwanja wa ndege na treni bila kumuuliza mtu. Tulikula chapati zao na mchuzi, wanaziita roti, na chai ya maziwa wanayoimimina kutoka juu kama wanaipoza. Kuna tunda lina harufu mbaya mpaka hoteli imebandika bango la kulikataza. Shemeji yenu akasema hilo tunda ni sawa na mimi nikikosa usingizi. Tulicheka barabarani kama wachumba.

Kumbukeni hiyo raha tunaipata na laini za Tanzania zimezimwa.

Ni mimi niliyezizima. Nilisikia mtu akiwa roaming mlio anaousikia anayepiga unabadilika, nikasema tutashtukiwa. WhatsApp nayo nikamwambia tuipumzishe, tuko likizo. Kama kuna dharura dada yangu yupo.

Dada yangu yupo, ndiyo. Ila dada yangu naye anajua tuko Dodoma na anapiga namba zilezile.

Alhamisi, siku yetu ya nne, tulikuwa kwenye mgahawa mmoja karibu na soko la vitambaa. Kule saa nane mchana, nyumbani saa tatu asubuhi. Shemeji yenu alikuwa ameona kitambaa, akataka kumtumia mama yake picha achague rangi. Akaomba Wi-Fi ya mgahawa, akafungua WhatsApp.

Simu ikaanza kulia mfululizo.

Nakumbuka meseji za Fidelis, mdogo wake wa kiume, moja baada ya nyingine.

Jumanne: Dada, mama presha imepanda, tuko hospitali, piga.

Jumatano asubuhi: Dada, mama hatunaye.

Jumatano jioni: Dada, wazee wanauliza, Dodoma mpaka hapa si mbali, mbona hampatikani? Tunazika kesho saa nane. Tunakusubiri wewe.

Kesho ndiyo leo. Zimebaki saa tano mama azikwe na sisi tuko upande wa pili wa bahari.

Shemeji yenu hakupiga kelele. Aliweka simu mezani taratibu, akajifunika uso kwa viganja. Yule mama mwenye mgahawa akaja na glasi ya maji, akabaki amesimama hajui afanye nini. Simu ikaita kwa WhatsApp. Fidelis.

Nikaichukua mimi.

Wakuu, kwa sekunde zile ningeweza kusema ukweli. Ningesema tuko Malaysia, tumekwama, zikeni, tutafika tukiwa na ndege. Wangeumia, wangetusema, lakini wangeelewa. Mtu aliye mbali anaeleweka.

Fidelis akauliza, "Shemeji, mko wapi nyie? Watu wamejaa hapa."

Nikasema, "Tuko njiani. Gari limetuharibikia Mtera. Tusubirini."

Sijui ilitoka wapi. Mdomo ulishazoea Dodoma, ukaendelea tu na barabara ya Dodoma kuja Iringa.

Fidelis akashusha pumzi kwa furaha kabisa. Akasema, "Basi tunaahirisha mpaka kesho saa nne. Dada aje aanze udongo."

Kwao mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini. Shemeji yenu ndiye wa kwanza.

Nilipokata simu akaniuliza, "Kwa nini umesema Mtera?"

Nikamwambia nimenunua muda, Fidelis akitulia nitampigia nimweleze vizuri. Nikazima simu. Sikumpigia. Nilijishughulisha na kubadilisha tiketi, kwa sababu tiketi ni kitu ninachokiweza.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kaburi. Lilikuwa limeshachimbwa. Kaburi likichimbwa haliachwi peke yake. Vijana wa ukoo wakalilinda mpaka asubuhi, mwezi wa sita, Kilolo. Anayeijua baridi ya Kilolo mwezi wa sita anielewe.

Ndege tuliyopata ilikuwa Ijumaa jioni. Saa nane mchana ya kule, nyumbani saa tatu asubuhi, tuko uwanja wa ndege tayari, nikawasha simu na Wi-Fi. Fidelis akapiga papo hapo.

"Shemeji, gari limepona? Mmefika wapi?"

Kabla sijajibu, kipaza sauti juu ya kichwa changu kikatangaza ndege kwa Kimalei, kisha Kichina, kisha Kiingereza. Kilitangaza kwa raha zake mpaka kikamaliza.

Fidelis alilisikiliza tangazo lote. Kisha akasema, "Hapo siyo Mtera."

Shemeji yenu akaninyang'anya simu. Akaeleza tulipo kwa Kihehe, sikuelewa kila neno, ila jina la Malaysia nililisikia. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili: "Zikeni tu. Usikate simu, iweke mfukoni. Nisikie."

Fidelis simu hakuikata.

Tukakaa kwenye viti vya uwanja wa ndege, simu imewekwa spika, shemeji yenu ameishika karibu na sikio. Tulisikia mchungaji. Tulisikia nyimbo za Kihehe, mtandao unakata, unarudi. Kuna wakati nilisikia sauti ya mwanangu mdogo anaita shangazi yake, nikajua dada yangu amewapeleka msibani. Wanangu wanamzika bibi yao na mama yao hayupo.

Shemeji yenu ghafla akasimama katikati ya watu na mabegi yao. Nikamwambia akae. Akasema wakati wa udongo mtu hakai.

Tulisikia udongo unashuka. Alianza mtu mwingine.

Tulifika Kilolo Jumapili mchana.

Kwa wasiojua: kule mtoto wa marehemu akichelewa, akifika analia kuanzia njiani, na wanawake wa msibani wakimsikia wanatoka na kilio chao, wanampokea, wanamuingiza ndani wakiwa wamemshika. Nimeona hilo mara nyingi, hata adui wa familia anapokelewa.

Shemeji yenu alianza kulia tulipoiona nyumba. Akalia mpaka kwenye uzio. Wanawake walikuwa wamekaa jikoni na barazani, wanamwona. Hakunyanyuka hata mmoja.

Alitembea uwanja ule peke yake akilia mpaka mlangoni. Mimi nipo nyuma na masanduku yenye karatasi za shirika la ndege. Sijawahi kuona uwanja mrefu vile.

Kesho yake kikao. Aliyeongoza ni baba yake mdogo, mdogo wa marehemu baba yake. Mzee mpole, anaongea taratibu.

Akasema, "Habari ya kwenda nje tumeisikia. Kijana akipata nafasi atembee, dunia ni yenu. Mimi nauliza moja. Nani alituma neno la Mtera? Vijana wangu wamelala na kaburi kwenye baridi wanamngoja mtu ambaye hakuwa njiani."

Nikafungua mdomo. Mzee akanizuia kwa mkono.

"Wewe mkwilima pumzika." Mkwilima ndivyo wanavyotuita sisi tuliooa kwao. "Mkwilima ni mgeni, anasema alichoambiwa na mkewe. Namuuliza mtoto wetu."

Wakuu, kule mkwilima hahojiwi hadharani. Ni heshima. Heshima hiyo nikaivaa kama koti.

Shemeji yenu akanitazama. Alinitazama muda mrefu tu, wa kutosha mtu kusema, "Hapana, ni mimi."

Nikaangalia chini.

Akasema, "Nisameheni." Basi. Kikao kikachukulia kwamba ni yeye.

Jioni ile nikamfuata nyuma ya nyumba, nikajieleza weee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nalala nayo:

"Mimi nilikuwa mbali na mama yangu. Wewe ukanifanya niwe karibu nikakataa kuja."

Tulipofunga msiba hakurudi Mbeya. Ameomba uhamisho, anafundisha hukohuko. Watoto wako naye. Ni miezi minne sasa tangu msiba. Hajadai talaka, hajanitukana, hajanisema kwa ndugu zangu. Wanawake wa pale bado wanampa salamu fupi. Kanisani, kwenye kwaya ya akina mama aliyokuwa anaimba mama yake, alipoomba kujiunga walimwambia asubiri kwanza.

Ameniomba kitu kimoja. Niende kwa baba mdogo, niseme mbele ya watu walewale kwamba neno la Mtera ni langu.

Niliyojifunza ni haya. Ukisafiri mwambie mtu mmoja ukweli, hata kama unaona aibu. Na ukibanwa na uongo wako, achia hapohapo. Mimi niliongeza wa pili, halafu nikaongeza ukimya, na ukimya ndio uliomwondoa mke wangu nyumbani. Safari yenyewe haina kosa, Kuala Lumpur ni mji mzuri, nendeni.

Najua wapo watakaonitukana. Tukaneni, nimekuja hapa nikijua. Ila Wahehe mliomo humu, au mliooa Uheheni, naomba mnisaidie: mkwilima anaombaje kikao? Anatanguliza nini, anasimama au anakaa? Maana kila nikifika wananiheshimu mpaka nashindwa kuanza.

Nimeshakwenda mara tatu. Nafika, baba mdogo ananikaribisha kwenye kiti kizuri, "Karibu mkwilima, habari za Mbeya?" Tunaongea mvua, tunaongea mahindi. Chai analeta shemeji yenu mwenyewe. Anaweka kikombe, anasimama kidogo mlangoni na sinia mkononi, anasubiri.

Mimi nakunywa chai. Yeye anarudi jikoni.