Mama wa Kuni na Njia Niliyoifunga Isecheno

Cheka ukitaka kucheka, lakini umalize kusoma kwanza. Haya hayakumpata shangazi wa rafiki yangu, wala sikuyasikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Yalinipata mimi, akili zangu timamu, viatu vya kazi miguuni na simu yenye chaji mfukoni, ndani ya msitu wa Kakamega upande wa Isecheno. Na nitasema bila kuona haya kwamba ninayajivunia kuliko cheti changu cha chuo kikuu.

Mimi ni msanifu wa mandhari. Najua swali linalofuata, maana hata mama yangu kule Malava aliliuliza: si ndiyo kazi ya kupanda maua hotelini? Siyo. Kazi yangu ni kupanga mahali pa watu kutembea na kupumzika katika misitu ya umma. Njia ipite wapi, benchi likae wapi, mgeni asimame wapi amwone mbega bila kumtisha, maji ya mvua yaelekezwe wapi yasiigeuze njia kuwa mto. Ukitembea msituni nusu ya siku na usichoke, ujue kuna mtu aliyekaa chini akakufikiria. Hapo Isecheno mtu huyo ni mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na tayari nilikuwa nimekabidhiwa njia nzima niichore mwenyewe. Nilitembea kifua mbele hata kwenye matope.

Mkuu wa mradi alitaka njia ya mzunguko. Mgeni aingilie langoni, azunguke, atokee palepale langoni. Kwa hiyo kila kijia kilichochepuka kilipaswa kufungwa. Kulikuwa na kimoja hasa kilichonisumbua, kilichopita katikati ya miti mikubwa kikaelekea ukanda wa majani chai, na ng'ambo ya majani chai ni maboma ya watu. Shivachi, mwongoza watalii niliyekuwa nikifanya naye kazi, aliniambia nisijali.

"Hii hakuna mtu anapitanga, madam," alisema. "Wamama wa kuni siku hizi wanapitianga langoni na vibali vyao."

Basi mbona haikuwa imeota majani? Nilimuuliza hivyo, kwa sababu njia isiyokanyagwa msitu ule huimeza kwa msimu mmoja tu wa mvua. Hii ilikuwa safi, udongo umeshindiliwa kama wa uani. Shivachi akatazama juu mitini, akasema iko tu hivyo.

Tukaifunga. Chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka watu waiache njia usijenge uzio, maana uzio huwatia watu hamu ya kuuruka. Unalaza matawi mdomoni mwa njia, mazito, yenye majani, na miguu ya watu yenyewe inageuka. Na kwetu huku tawi njiani lina maana hiyohiyo tangu zamani. Aliyetangulia akilaza tawi, anayefuata anajua ameambiwa asipite huku, na haliruki. Niliona nimepata bahati ya kipekee, chuo na nyumbani kukubaliana juu ya jambo moja. Ila Shivachi hakutaka kuyagusa matawi. Alisema atashika utepe wa kupimia, matawi nibebe mwenyewe. Nikayabeba. Sikuona neno.

Wiki moja hivi baadaye mvua ilinyesha ile ya Kakamega, inayoanza mchana bila kuomba ruhusa na kuacha mawe ya barafu kwenye nyasi. Ilipokatika, jioni ilikuwa imeanza kuingia. Wenzangu walikuwa wanakunywa chai. Mimi nikavaa buti nikarudi msituni peke yangu, kwa sababu ukitaka kujua kama njia yako ni nzuri, huna budi kuitazama ikiwa imelowa. Niulize ni wangapi wa rika langu wanaofanya hivyo. Nilikuta mifereji yangu inafanya kazi, maji yanakimbilia kando kama nilivyoyaamuru, na nilikuwa nikijisifu kwa sauti nilipomwona.

Alikuwa mama amekaa juu ya mzigo wake wa kuni, mbele ya matawi yangu. Uso wake ulielekea upande wa majani chai. Nilidhani ni mwanakijiji aliyekwepa lango. Nikasogea karibu, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nywele hunisimama. Msitu mzima ulikuwa unadondosha maji. Mimi mwenyewe nililowa hadi soksi. Yule mama alikuwa mkavu. Leso yake ilikuwa kavu, kata ya kubebea mzigo iliyokuwa kichwani pake ilikuwa kavu, na kuni zake zilikuwa na vumbi.

"Mulembe," akanisalimu, bila kugeuka.

"Mulembe, mama," nikaitikia. Ningefanya nini? Mtu mzima amekusalimu.

"Wewe ni mukhana wa wapi?"

"Mimi ni binti wa Malava, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Nani amefunga njia?"

Sauti yake haikuwa ya kutisha, na hilo nataka uliamini. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi, aliyeacha watoto nyumbani. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kama nilivyozoea kueleza ofisini, kwamba nimeifunga ili wageni wasipotee.

"Mimi si mgeni," akasema. "Tawi la mtu siwezi kuruka. Wewe ndiye umelaza, wewe ndiye ufungue."

Ungefanya nini? Ungekimbia, na nisingekulaumu. Miguu yangu mimi ilitaka kukimbia, naapa. Lakini kulikuwa na kitu katika namna alivyokaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, amenyamaza kama mtu aliyezoea kungojeshwa. Nikajua kwamba hakuketi hapo jioni hiyo moja tu. Amekuwa akiketi hapo tangu siku niliyoleta matawi yale. Woga ukakaa, lakini aibu ikawa kubwa kuliko woga. Nikainama nikaanza kuvuta matawi moja baada ya jingine. Hakunisaidia, wala sikutarajia anisaidie. Nilipomaliza nilikuwa nahema na mikono imechubuka.

Akasimama. "Nitwike," akasema.

Kama ulikulia kijijini unajua kwamba ombi hilo halikataliwi. Mtu akikuambia umtwike, hata kama mmekosana, unauinua mzigo unamwekea kichwani, halafu mnaendelea na ugomvi wenu. Nikachuchumaa nikaukumbatia mzigo, nikajikaza kiuno maana zilikuwa kuni nene. Ulipanda juu kama majani makavu ya mgomba. Nusura nianguke kinyumenyume. Haukuwa na uzito hata kidogo, lakini ulikuwa na baridi, na baridi ile iliingia viganjani mwangu ikafika kwenye mifupa. Nikamtwika. Akashukuru, akapita.

Nilitazama chini. Udongo ulikuwa laini kama uji, na nyayo zilizokuwapo ni za buti zangu tu.

Sasa hapa ndipo watu huniona mwendawazimu, kwa sababu nilimfuata. Njia ile niliifunga bila kujua inafika wapi hasa, na msanifu gani huyo asiyejua njia inakwenda wapi? Nilimwona akitoka msituni, akapita katikati ya mistari ya majani chai, kuni zimetulia kichwani. Akaingia kwenye boma moja lenye jiko la udongo linalofuka moshi. Mlango wa jiko ulisogea ndani, ukarudi. Nilipofika uani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na bibi mmoja mzee tu, amesimama mlangoni na mwiko mkononi, machozi yanamtoka na wala hayafuti.

"Amefika," akaniambia, kana kwamba tulikuwa tumeagana tukutane hapo. "Ni wewe umemfungulia mrango?"

"Ni njia nimefungua, kukhu," nikamjibu bibi yule.

"Ni kitu kimoja."

Akaniingiza jikoni. Anaitwa Mama Esendi, na yule aliyepita ni mama yake mzazi. Alipokuwa msichana mdogo, mama yake alienda kuni, dhoruba ikamkuta msituni, mti ukamwangukia. Walimleta nyumbani wakamzika pale uani, kila kitu kikafanywa inavyotakiwa. Lakini kuni zilibaki msituni, na watoto walilala njaa siku ile. Tangu hapo, kila jioni obusuma, ugali wetu, ikisongwa, mlango husogea na moto hupanda wenyewe, hata kuni zikiwa mbichi. Mama Esendi amezeeka na jambo hilo. Watoto wake walimwambia aite wahubiri waje wafukuze. Aliwauliza wafukuze nani, mama yake?

"Wiki hii hakuja," akasema. "Moto unazimika, napuliza, unazimika. Nikasema basi, mama amechoka na mimi. Nimekuwa mzee sana, hanijui tena."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, mwanamke mwenye wajukuu wakubwa kuliko mimi. Nilitazama moto. Ulikuwa unawaka vizuri, mrefu, na vipande viwili vilivyokuwa mafigani vilikuwa mti mbichi ulionyeshewa. Nilimwambia mama yake hakuchoka, alizuiwa na tawi langu, na jioni zote hizo alikuwa ameketi upande wa pili akingoja. Akanishika mikono, akashtuka ilivyo baridi, akanikalisha karibu na moto na kunipakulia obusuma na mboga ya mrenda. Nilikula. Tena nilishiba.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko mzimu, nacho ni kikao. Siku ya kupitisha mchoro, wakubwa wa mradi waliketi upande mmoja, wanakijiji upande mwingine, na mimi katikati na ramani yangu ukutani. Mkuu wa mradi aliiona mara moja. Akaweka kalamu juu ya kile kijia.

"Hii iko wazi kwa nini? Nilisema zote zifungwe."

Ningeweza kusema ni njia ya kuzimia moto. Ningeweza kusema ni ya utafiti wa ndege, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Nilikuwa mtu wa majaribio, neno lake moja lilitosha kunirudisha Malava. Lakini Mama Esendi alikuwa ameketi safu ya mbele, mkoba wake mapajani, ananitazama.

"Kuna mtu anaitumia kila jioni," nikasema.

"Nani?"

"Mama yake Mama Esendi. Anapeleka kuni nyumbani."

Shivachi akatazama viatu vyake. Mama Esendi akasimama, akasema kwa utulivu, "Mama alikufa zamani, mkubwa. Lakini anapitanga. Huyu mtoto amemtwika."

Mkuu akanigeukia. "Na wewe msomi mzima umemweka kwenye mchoro?"

"Nimemweka," nikajibu. "Nilitumwa nipange msitu kwa ajili ya watu wanaoutumia, na huyu nimemwona kwa macho yangu. Ikifungwa, mchoro huu si wangu tena, mtafute mwingine."

Yule bwana ni mtu wa Lugari, mkulima wa mahindi asiyependa mchezo, hata kucheka hucheka kwa ratiba. Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufungasha vitu vyangu moyoni. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu mle ndani aliyelitegemea.

"Kuni zilikuwa nzito?"

"Hazikuwa na uzito wowote, bwana. Zilikuwa baridi."

Akaiondoa kalamu kwenye ramani. "Iacheni wazi," akasema, akafungua ukurasa mwingine. Hajawahi kuniambia alijuaje kuuliza hivyo, nami sijamwuliza.

Njia yangu ya mzunguko ilifunguliwa kwa wageni, nao wanaisifu hadi leo. Benchi nililoliweka chini ya mkuyu halikai tupu. Nimeajiriwa kikamilifu na nimepanga njia nyingine mbili tangu hapo, na sijafunga kijia chochote kabla sijasimama mdomoni mwake jioni, mvua ikishanyesha, nione kama kuna aliyekaa akingoja. Mikono yangu haikupona. Kila siku saa ile, jua likianza kuzama, viganja huwa baridi kama niliyeshika mzigo ule sasa hivi. Mama yangu anajua, nikienda Malava hunipa kikombe cha chai nikishike bila kuniuliza. Daktari alisema ni mzunguko wa damu. Mimi nasema ni alama ya kazi niliyoifanya vizuri, na sitaki iniondoke.

Kwa hiyo nakuonya. Ukienda Isecheno, wewe mtembezi au wewe uliyetumwa kupima na kuchora, usiifunge njia ya watu kwa sababu tu hujawaona wakiipita. Na jioni ikikukuta msituni, ukamkuta mama mkavu amekaa juu ya kuni zake, usipige picha na usipige kelele. Mwitikie salamu. Akikuambia umtwike, inama umtwike, halafu usogee kando apite. Usiogope. Anaenda nyumbani tu.