Penati za Leo na Mikono ya Babu Yake Neema

Jamani, leo baba mkwe amempakata mwanangu!

Tangu nimzae Neema, miezi minne sasa, alikuwa anamtazama kwa mbali tu. Nikadhani hakufurahi kupata mjukuu wa kike.

Leo tulikuwa kijijini kwake, Akheri, ndugu wanaangalia fainali. Mpira mimi siujui. Nilikaa mlangoni na mtoto, maana kwa mila zetu mkwe hakai karibu na mzee.

Zikafika penati. Mzee akafumba macho.

"Mama Neema, nipe huyo mtoto nimshike, moyo utanipasuka."

Nikampa.

Ya mwisho ikaingia, wote wakakimbilia nje kushangilia. Yeye akabaki kitini.

"Shii, amelala."

Nani kachukua kombe? Niambieni nyie. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya babu.