Kanda Aliyoitaka Dada

Ile bendi niliijua mimi kwanza. Naliweka hili mbele kabisa, maana dada yangu, mtoto wa mjomba, mpaka leo anaweza kukuambia vingine. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa na redio ya baba kwetu Butiama, sikio kwenye spika, nikisikiliza idhaa za ng'ambo zinavyokuja na kupotea. Ndipo mtangazaji akasema wakubwa wa muziki wa roki wameacha bendi zao na kuungana. Mpiga gitaa katoka huku, mpiga ngoma kule, mwimbaji kwingine kabisa, na sasa wametoa albamu yao ya kwanza. Wakapiga kipande kidogo tu, taarifa ya habari ikaingia. Kile kipande nilichota maji nacho, nikapalilia mihogo nacho, miezi na miezi.

Dada yeye alikaa Makoko, mjini Musoma, nyumba yenye umeme. Alikuwaga na kila kitu. Miaka ile sisi tunafulia majani ya mpapai, yeye ananukia sabuni ya Kenya, kwa sababu mjomba alikuwa dereva wa lori na mpaka ulipofunguliwa alianza kupita Sirari kwenda Nairobi. Viatu vikimbana ndiyo vinakuja kwangu. Nilimpenda, sikatai. Lakini nilitaka kitu kimoja tu duniani ambacho mimi ninacho na yeye hana.

Nilimwambia mjomba habari za ile bendi. Nilimbembeleza, "Mjomba, ukiikuta Nairobi, usiniache." Na kweli akaikuta. Nilikuwa Makoko likizo siku aliyorudi, nikamwona anaitoa kwenye mfuko wa shati, kanda mpya, bado na karatasi yake inayong'aa. Akampa dada.

"Usinune, mama," mjomba akaniambia. "Kwenu hakuna umeme. Itaozea kule."

Weee! Roho iliniuma mpaka sato wa mchana alinishinda kumeza. Dada akaiweka kwenye mashine yao kubwa, akaita mashoga zake, wakaanza kucheza na kupiga soga juu ya muziki. "Huyu anayepiga kelele ndo nani?" akauliza. Eti ndo nani! Mtu kapewa albamu ambayo hajui hata nani kashika ngoma, na mimi ninayejua nimekaa kwenye mkeka nasikia visigino vyao tu.

Kabla sijaondoka nilimwomba anirekodie. Alikubali, tena kwa kuringa, akairekodi juu ya kanda ya kwaya niliyokwenda nayo. Nikarudi nayo Butiama nimeifunga kwenye khanga.

Sasa baba na redio kaseti yake. Kwake ile ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Betri zilikuwa zimeadimika kuliko sukari, hata zile idhaa zangu za ng'ambo alishazikataza. Nilizipata zikishachoka kabisa, redio haivuti stesheni hata moja, ndipo baba anasema, "Haya, chukua hayo mawe yako." Nilikuwa nazianika juani, juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, mpaka ziwe za moto, kisha nazing'ata kidogo kwa meno ya nyuma. Zikipata uhai naweka kanda.

Ee bwana, ule muziki! Wimbo wa kwanza uliingia na besi nzito, inatembea taratibu kama ng'ombe wanaorudi wameshiba. Mwimbaji alikuwa na sauti ya mtu aliyemaliza kulia na sasa anaongea. Gitaa, kila mlio ulikaa kwanza, nikautazama, ndipo ukaondoka. Upande wa pili kuna mahali mpiga ngoma anasubiri mpaka unaogopa kaondoka zake, kisha anapiga, na wewe unapumua. Hata Kiingereza changu cha kuokoteza kiliyashika maneno yao. Nikasema moyoni, ndiyo maana waliziacha bendi zao. Mwisho wa upande ule sikuwahi kuufika, betri zilikuwa zinakufa njiani. Sikujali.

Dada alikuja kwetu kwenye msiba wa bibi. Tulipomaliza matanga nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe, nikamwekea. Alianza kuongea kama kawaida yake, halafu akanyamaza. Dada! Akanyamaza mpaka wimbo ukaisha.

"Hii ni ipi?" akauliza. "Ni wao, lakini siyo hii ya kwangu. Umeitoa wapi?"

"Ni ile ile."

"Acha uongo. Niazime, mdogo wangu. Tafadhali."

Tafadhali! Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilimpa, na nilivyomwangalia akiondoka nayo nilijiona mrefu.

Likizo iliyofuata nilimkuta Makoko amevimba. Alinirushia kanda. "Umenipa niliyokurekodia mwenyewe! Mpaka kwaya yako inasikika mwishoni. Ile nzuri umeificha." Niliapa, sikuaminiwa. Akanishtaki kwa mjomba, tukanuniana, akaacha kunipa viatu. Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Dada ananionea wivu! Nililala na wivu wake kama blanketi.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa, maduka yakajaa. Baba akatoka mnadani na betri mpya, za kung'aa, akanipa mwenyewe bila kuombwa. Nikaweka kanda yangu. Mwimbaji akatoka na sauti nyembamba, anakimbia. Gitaa linakimbia. Mpiga ngoma hasubiri mtu. Kilikuwa kile kile kipande cha redioni, ndiyo, ulikuwa muziki wa kuchezea na mashoga. Mwishoni kwaya ikaingia, inaimba kama inavyoimbaga kanisani, ndipo nikaelewa. Nililia pale kwenye jiwe. Nilijaribu kuzichosha zile betri kwa makusudi, lakini zilipochoka nilikuwa nimeshajua, na masikio yangu yakawa yanasikia betri tu.

Dada aliolewa Bunda, akafungua duka la redio na kanda. Ile albamu anayo rafu nzima, kila kijana anayepita stendi anaweza kuinunua. Lakini kila nikienda lazima atoe moja, aweke, anikazie macho. "Siyo hii?"

"Siyo hii, dada."

Mara ya mwisho nilichoka. Tumekuwa watu wazima, nikaona nimwambie kweli. Nikamweleza habari za baba, jiwe, jua, mashine inavyozunguka polepole betri zikichoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa uchungu.

"Mpaka betri unazisingizia!" akasema. "Miaka yote hii, mdogo wangu, bado unanibania tu."

Akaenda kumhudumia mteja. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamtazama akipekua maboksi mapya yaliyotoka Mwanza, anasoma kanda moja moja. Anaamini ipo. Anaamini iko kwangu, kabatini, na siku moja roho yangu itakuwa nzuri na ataisikia tena. Mimi najua haipo. Hata hapo dada amenizidi.