Mkono Juu ya Paa la Hajati

Kaltumi Marijani alipata kazi kwa tabia ileile waliyomlaumu nayo nyumbani: hakuamini kitu. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa kwanza mkono dirishani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukodolea macho kompyuta mchana kutwa, katika ofisi ndogo ya Kansanga. Trekta za siku hizi, kule kwenye mashamba ya mahindi upande wa Luweero, zinajikatia kona zenyewe kwa kufuata setilaiti. Lakini setilaiti peke yake hukosea hatua moja au mbili, na mkulima hataki mistari ya kilevi. Kwa hiyo kampuni husimika antena mahali pasipotikisika. Antena inajua iko wapi, inapima setilaiti zimekosea kiasi gani, halafu inazitumia trekta masahihisho kwa mtandao wa simu. Antena ikidanganyika, trekta zote zinadanganyika nayo.

Paa la ofisi lilikuwa la bati, likitikisika kila upepo ukipita. Kaltumi akatoa paa la mama yake, Hajati Sumayiya, huko Old Kampala: nyumba ya zamani waliyoijenga Wahindi, paa bapa la zege, mbingu wazi. Antena ikafungwa huko juu, nyeupe kama uyoga, na kwa miezi mingi haikuleta maneno.

Kisha msimu wa kupanda ulipofika, signali zikaanza kuharibika. Si kila siku. Ni Jumapili tu: mchana setilaiti zinaonekana wazi, lakini vipimo vinarukaruka, na jioni vinatulia vyenyewe. Dereva mmoja akapiga simu kutoka shambani akipiga kelele kwamba trekta imepanda juu ya mstari uliokwisha kupandwa. Okullo, mkuu wa ofisi, akamwangalia Kaltumi.

"Hiyo paa yenu kuna mtu naweka mkono," akasema. "Nani nakaa huko juu?"

Kaltumi hakuhitaji kufikiri. Juu ya paa palikuwa na chumba kimoja, na ndani yake alikaa Kakule, Mkongo kutoka Butembo, fundi wa redio na simu. Nyaya zilijaa mpaka kitandani. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa kwenye kibanda chake Kamwokya, Jumapili alirudi kutoka kanisani na kushinda nyumbani. Basi, kesi imekwisha! Kikulacho ki nguoni mwako, Kaltumi akajisemea, na kuanzia hapo kila alichokiona kilikuwa ushahidi. Kakule akimsalimia kwa adabu, anaficha kitu. Akipita kimya, anaficha zaidi.

Alimuuliza mama yake. Hajati akakasirika. "Huyo mtoto ananisaidia kuliko nyinyi niliowazaa." Kaltumi akaona mzee amelishwa maneno matamu.

Na hapa lazima niseme, maana inaniuma. Nyumba hiyo ni ya Wanubi, na inajua vizuri kushukiwa ni nini. Baada ya vita ya themanini na sita, Mnubi alikuwa akipita njiani watu wananong'ona: hao ndio wale wanajeshi wa utawala wa zamani. Baba yake Kaltumi, dereva wa lori asiyewahi kushika bunduki, alihojiwa mpaka akachoka kujitetea. Ungedhani binti yake angekuwa na huruma. Hakuwa nayo.

Akasubiri mpaka mama yake alipokwenda Bombo kwenye matanga, akapanda juu.

"Wewe Jumapili nafanya nini huku juu?"

"Niko nasaidia Hajati tu, dada."

"Nasaidia na hii mawaya yote?"

"Dada, miye ile mashine yako siyaigusa hata siku moja."

Majirani walikuwa wametokeza madirishani. Kaltumi alijua wanasikia, na akapandisha sauti hata hivyo. Akamwambia ahame kabla jua halijatua. Kakule alipanga redio zake kwenye katoni, akaacha ufunguo juu ya ngazi, akashuka bila kumwangalia mtu.

Jumapili iliyofuata signali zilikuwa safi. Iliyofuata, safi vilevile. Okullo akampongeza. Hajati naye aliporudi hakumpigia kelele. Aliacha tu kuzungumza naye. Simu haipokei, salamu anajibu kwa kichwa.

Kilichovunja kimya hicho ni harusi, ya kwanza tangu Kakule ahame. Hajati ndiye mtunza sufuria za jamaa, zile kubwa za kupikia pilau ya watu mia, na msimu wa harusi ulikuwa umeanza pamoja na ule wa kupanda. Harusi ikiwa Jumamosi, Jumapili zinarudi zimeoshwa, na sharti zikauke kabisa juani zisije zikanuka, ndipo zinachukuliwa jioni.

"Mimi na hii magoti, nani atapandisha?" Hajati akamwambia bintiye. "Mpandishaji wangu wewe nafukuza. Haya, panda!"

Kaltumi akaomba ruhusa kazini, akabeba moja moja ngazi hadi ngazi, jasho likimtoka. Akazifudikiza katikati ya paa, penye jua zuri, kuizunguka antena. Hajamaliza kujifuta uso, simu yake ikalia, Okullo kutoka ofisini. Vipimo vinarukaruka. Akaondoa sufuria mbili simu ikiwa sikioni, kuruka kukapungua. Akaziondoa zote, vikatulia. Signali zilikuwa zinagonga chuma kile na kuruka, antena inasikia kila neno mara mbili.

Aliketi chini kwenye zege. Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka akalia.

Kesho yake akaenda Kamwokya. Kakule alikuwa kibandani, simu imefunuliwa mbele yake. Akamsikiliza mpaka mwisho, sufuria na yote.

"Nimekosa, kaka," Kaltumi akasema. "Chumba chako kiko. Mama nakungoja."

"Nashukuru, dada. Salimia sana Hajati."

"Utarudi?"

Akatikisa kichwa taratibu.

"Basi sasa unakaa wapi? Mama atataka kutuma chakula."

Kakule aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwa Kaltumi, kisha akamtazama yeye mwenyewe, kwa jicho lisiloamini kitu, ambalo Kaltumi alilifahamu, kwa sababu lilikuwa lake.

"Hapa hapa tu," akasema, akashika tena bisibisi.