Theluji ya Kanada na Sakafu ya Madrasa

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha kupima bahari, nikiwa na shahada ya uzamili na kiburi chake, nilipewa kazi ya kusoma ubao wa maji: ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa baharini upande wa Liwatoni. Nikaandika alama ya juu kabisa niliyoiona. Mkuu wa Kituo akacheka. "Msomi, uliloandika ni wimbi. Mimi nataka bahari. Tazama wimbi linavyopanda na kushuka, uchukue katikati."

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha kumbukumbu za hali ya hewa. Msimamizi wa huko alikata kwa wino mwekundu kila "huenda" na "yamkini" katika ripoti zangu. "Ukimaliza kusitasita, nijulishe," aliniambia. Nilistaafu kabla sijamaliza.

Mwaka jana kamati ya madrasa ya mtaani kwetu, Mji wa Kale, hatua chache kutoka majini, ilikuwa ikijenga upya darasa. Niliomba sakafu iinuliwe, kwa kuwa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku hizi hufika juu kuliko nilipoanza kazi, dunia ikizidi kupata joto. Mwenyekiti, Alhaji Swaleh, muuza vitambaa, akatoa simu, akatuonyesha picha. Mwanawe yuko Kanada, theluji imemfika kiunoni.

"Maalim, hilo joto lenu li wapi? Mtoto anaganda huyu!"

"Alhaji, hiyo ni baridi ya msimu mmoja, mahali pamoja. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, dunia nzima."

"Na barafu ya kule ncha za dunia? Si ingalipo?"

"Ipo, lakini inapungua. Ile inayoelea hutanuka kila majira ya baridi, kisha—"

"Hutanuka! Mmemsikia wenyewe!"

Kamati ikaangua kicheko. Nilijieleza kwa nusu saa, sharti juu ya sharti: kwamba inayoelea ikiyeyuka haiinui bahari kwa kiasi cha kutajika, kwamba ya nchi kavu ndiyo ya kuogopwa. Mmoja akauliza: nina hakika maji yataingia mwaka huu? Nikasema siwezi kuwa na hakika. Sakafu ikamwagwa palepale chini.

Baada ya miezi michache bamvua iliingia darasani, ikalowesha mikeka na misahafu ya rafu ya chini. Nilimkuta Alhaji amekunja kanzu, anakausha maji kwa matambara.

"Nimeamini, Maalim. Maji haya ndiyo ushahidi. Dunia imepata joto."

Si ushahidi! Bamvua moja haithibitishi ongezeko la joto, kama ambavyo theluji moja hailikanushi. Hoja yake ilikuwa mbovu kama ile ya kwanza, ila imegeuzwa kichwa chini. Nilifungua kinywa nimsahihishe. Watoto walikuwa wakianika misahafu juani, ukurasa kwa ukurasa.

"Basi tuinue lini, Alhaji?" nikauliza.

Sakafu imeinuliwa. Kila Ijumaa barazani Alhaji huwaeleza watu sababu yake, naye huieleza visivyo, tangu mwanzo hadi mwisho. Nami hukaa kando yake, meno nimeyauma.